Mawe ya matumbawe yakilowa: nimepitwa na mzee wa blekimamba kwenye mbio, nielezeni

MwanaMaweni (mwenye uzi)
Salamu wadau. Ntajaribu kufupisha manake mkono wa kulia umefungwa bendeji naandika kwa dole gumba la kushoto.
Jumamosi kulikuwa na mbio za baiskeli za milimani huku kwetu, na najua mtauliza Malindi mlima uko wapi, subirini. Njia ilianzia upande wa Gede ikaingia vichakani kuelekea nyuma ya Mida, zile njia za mbuzi na wakata kuni, mizunguko mitatu. Mlima hakuna lakini mawe yapo, yale ya matumbawe yaliyochongoka kama meno, na katikati pana matope mekundu. Ijumaa usiku mvua ya masika ilipiga mpaka alfajiri, mwezi wa tano si mnaujua.
Baiskeli yangu ni ya magurudumu ya inchi 29, breki za diski mbele na nyuma, shokapu mbele, nimeila pesa ya msimu mzima wa watalii kuinunua. Mzunguko wa kwanza nimeanguka mara mbili. Wa pili, kuna kijiteremko kina majiwe matano hivi yamepangana kama ngazi, gurudumu la mbele likaondoka tu, sikuona hata limeondokaje, nikajikuta nimekaa chini napuliza kiwiko. Ndio nikasikia kengele. Ngiri ngiri. Mzee, kofia ya kiua, kandambili miguuni, yuko juu ya blekimamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, na karia nyuma imejaa madafu. Akaniambia "pole mjukuu" akapita palepale nilipoanguka, akapotea kwenye kona na sikumwona tena mpaka mwisho!!
Sasa nielezeni bila kejeli. Baiskeli ya chuma, matairi membamba, haina gia hata moja, inapitaje pale?

FundiSpoku
Pole sana. Swali moja tu kabla hatujaenda mbali, matairi ulitia upepo ngapi? Usiniambie "yalikuwa magumu" nataka namba, psi, kile kipimo cha upepo kwenye pampu.

MwanaMaweni
Nilijazia kwenye petroli stesheni. Jamaa aliniuliza ngapi nikamwambia jaza. Nadhani ilisoma 55.

FundiSpoku
Basi uzi umeisha, admini funga. 55! Gari dogo lenyewe linatembea na thelathini na kitu. Tairi pana la baiskeli ya milimani ukilijaza hivyo linakuwa kama mpira wa kikapu, likigusa jiwe linaruka halilali. Kazi ya lile tairi ni kulala juu ya jiwe, lilikumbatie. Mtu wa kilo 65 au 70 mwenye tyubu ndani, tia 28 mbele na 30 nyuma. Ukishusha chini ya hapo kwenye mawe kama yale, rimu itaibana tyubu kwenye jiwe na utapata matundu mawili yamekaa sambamba, wateja wangu wananiletea kila masika na kila mmoja anasema ni mwiba. Wenye matairi yasiyo na tyubu, yale yanayotiwa majimaji meupe ya raba yanayojiziba yenyewe, wanashuka mpaka 22 na hawana wasiwasi.

KaskaziBaridi
@FundiSpoku fundi nakuheshimu, hata baiskeli ya mtoto wangu umeitengeneza wewe, lakini hapo hujajibu swali. Tairi la blekimamba ni la inchi 28 kwa moja na nusu, jembamba na watu wa mizigo wanalijaza mpaka linalia. Kama upepo mwingi ndio ulomwangusha kijana, mzee angeanguka kabla yake.

FundiSpoku
Umeuona upepo wa mzee wewe? Ulikuwepo?

KaskaziBaridi
Na wewe ulikuwepo?

PundaWaShela
Nimeteka mpaka matozi yakanitoka, "pole mjukuu" wallahi 😂😂 Sisi huku Amu shida hizo hatuna, ndia zetu za mui punda mmoya akipita na tambo lake wewe wangoja. Punda ana miguu mine, breki zote mbele na nyuma, na hatiwi upepo.

MwanaMaweni
@PundaWaShela nilisema bila kejeli 😒

KaruraMtu
Maze pole. Mimi niko Nairobi, huendesha Karura na Ngong kila wikendi, na hii story naijua vizuri. Shida yako si tairi ni breki. Kwenye teremko mbele ndio kuna nguvu ya kusimamisha manake uzito wote unaenda mbele, so ukishika breki ya mbele juu ya jiwe lenye maji, gurudumu linaacha kuzunguka, likiacha kuzunguka halina tena mshiko wa kukuongoza, linateleza upande na wewe uko chini kabla hujafikiria. Breki shika KABLA ya jiwe ukiwa kwenye udongo, ukifika kwenye jiwe achia, pita, alafu shika tena ukivuka. Pedali ziwe sawa mbele na nyuma, matako yainuke yasiguse kiti, viwiko vilegee. Hata wale wakubwa huanguka, Mathieu van der Poel kule Olimpiki ya Tokyo si aliteleza kwenye jiwe limelowa akapaa kama kuku.

Mshabiki_wa_Gia
@KaruraMtu breki sawa lakini Tokyo umechanganya. Siku ya wanaume, tarehe 26 Julai 2021, njia ilikuwa kavu. Van der Poel hakuteleza, alifika kwenye ule mdondoko wa jiwe akidhani kuna ubao wa kushukia, ubao ulikuwa umetolewa, akaenda puani. Aliyeshinda ni Tom Pidcock. Mvua ilikuwa siku ya pili yake, ya wanawake, na ile ndio ya kutazama kwa swali la huyu kijana. Waswisi walichukua zote tatu, Jolanda Neff, Sina Frei na Linda Indergand, na ukitazama utaona watu wanashuka wanakimbia na baiskeli mkononi bila aibu.

KaruraMtu
Ah kweli, ubao. Asante buda, nilikuwa nimeunganisha siku mbili.

Msomi_wa_Ngomeni
Hayo mashindano ya baiskeli za milimani yenyewe ni mambo ya juzi tu, yaliingia Olimpiki mwaka 2000 kama sikosei.

Mshabiki_wa_Gia
Umekosea. Atlanta, 1996. Bart Brentjens wa Uholanzi na Paola Pezzo wa Italia.

Msomi_wa_Ngomeni
Sawa, na hiyo ilikuwa karne iliyopita, basi si ya juzi. Nimejikosoa mara mbili kwa posti moja.

MwalimuMstaafu
Salaam. Nimefundisha jiografia miaka mingi na naona mnazungumza chuma na raba tu, hakuna aliyeuliza jiwe lenyewe ni jiwe gani. Hayo mawe ya Gede, Watamu, Mida mpaka hapa mjini yalikuwa mwamba wa matumbawe ndani ya bahari, zama ambazo bahari ilikuwa juu kuliko leo, miaka laki moja na ushee iliyopita. Ndiyo maana yana vitundu vitundu na ncha kali. Jiwe hilo likiwa tupu na safi, hata likilowa halitelezi sana, lina ukakasi, litakukata lakini halitakutelezesha. Kinachotelezesha ni kilicholala juu yake. Kwenye kivuli cha vichaka huota utando wa kijani, na juu ya utando pana majani yaliyooza, na juu ya majani pana ule udongo mwekundu uliosagwa na baiskeli zilizotangulia. Kwa hiyo muulize kijana, pale alipoanguka palikuwa na kivuli?
La pili. Mvua ya kwanza baada ya jua kali ndiyo mbaya zaidi, vumbi linageuka uji. Ikinyesha siku nne tano mfululizo mawe yanaoshwa. Kwa hiyo walioandaa mbio wangesogeza mbele siku chache.

MwanaMaweni
Shikamoo mwalimu. Kivuli kilikuwepo ndio, mwembe mkubwa na michongoma. Lakini mwalimu mvua ilikuwa inanyesha tangu Jumanne, si ya kwanza.

MwalimuMstaafu
Marahaba. Basi la pili limeanguka kama wewe. La kwanza bado limesimama.

BintiGanda
Mimi mambo ya gia sijui, nafanya kazi zahanati. @MwanaMaweni hicho kiwiko umekiosha na nini? Kila masika napokea watu wa boda na baiskeli wameangukia mawe hayo, wanajifunga kitambaa wanasema ni mchubuko tu, baada ya siku nne wanarudi mkono umevimba. Ncha za jiwe zinavunjikia ndani ya nyama na udongo unabaki. Osha kwa maji mengi safi na sabuni, toa mchanga wote hata kama kinauma, na kama huna kumbukumbu ya sindano ya pepopunda nenda kachomwe. Usitie majivu, usitie kahawa, usitie dawa ya meno!!

MwanaMaweni
Dada nilitia kahawa.

BintiGanda
😩 Nenda LEO.

KaskaziBaridi
Turudi kwa mzee. Mimi naona hamjamtazama vizuri. Breki za blekimamba ni zile za fimbo za chuma, raba inabana rimu ya chuma. Rimu ya chuma ikilowa breki zile ni mapambo tu, unabana leo unasimama kesho. Sasa kama @KaruraMtu anasema kosa ni kufunga gurudumu juu ya jiwe, mzee hata angetaka kulifunga asingeweza! Baiskeli yake imemlazimisha kufanya sawasawa na wanavyofundisha Nairobi. Kijana ana diski mpya, kagusa kidogo tu, gurudumu limefunga.

FundiSpoku
Hii nimeipenda, nakubali nusu. Lakini diski ni kujua kutumia, dole moja tu lishike breki na si mkono mzima. Na mjue pia maji ya mchanga yanakula pedi za diski haraka mno, mbio moja ya matope inaweza kumaliza pedi uliyotegemea miezi. Kijana ulete nizitazame.

Mkuu_wa_Amboni
Wakuu nasoma toka Tanga. Sisi huku mawe ya chokaa tunayo tele, upande wa mapango ya Amboni ukienda na baiskeli wakati wa mvua ujue utarudi kwa miguu. Ila mkuu mwenye uzi hilo la mzee kutokea na kengele msituni akakuita mjukuu kisha akapotea... una hakika alikuwa mtu? Uliangalia miguu?

PundaWaShela
😂😂😂 ameyapakia na madafu kabisa

MwanaMaweni
Aliacha alama za tairi kwenye matope mkuu. Jini gani ana tairi la Kichina.

Mkuu_wa_Amboni
Siku hizi kila kitu kinatoka China mkuu.

Mkimbiaji_Kakuyuni
Mimi nilikuwa kwenye hizo mbio, nilimaliza wa kumi na mbili, na niwaambie ukweli waliomaliza juu pale kwenye ngazi hakuna aliyepita ameketi. Wawili wa mbele walishuka kabla ya mawe, wakaweka baiskeli begani, wakakimbia hatua kama kumi na tano, wakapanda tena. Mimi nilikuwa nyuma yao nikadhani wamepata panchari nikafurahi 😂 mpaka nilipofika mwenyewe. Kijana alipoteza dakika ngapi pale chini anapuliza kiwiko? Kushuka na kubeba kunachukua sekunde ishirini. Na si kwamba inaruhusiwa tu, ndio akili yenyewe, sharti ni uvuke mwisho na baiskeli yako.

KaruraMtu
Ukishuka kila jiwe hutajifunza kupita.

Mkimbiaji_Kakuyuni
Kujifunza ni Jumatano, Jumamosi ni kushindana.

Mshabiki_wa_Gia
Na tukumbushane, kocha David Kinjah kule Kikuyu vijana wake wengi, hata Chris Froome kabla hajakuwa Froome wa kushinda Tour de France, walianzia kwenye baiskeli za milimani na njia za udongo. Akili ya kuchagua njia inapatikana huko. Macho. Ukilitazama jiwe unalolihofia utaligonga, tazama pale unapotaka kupita, mita tano sita mbele. Mimi nina hakika kijana alikuwa anatazama gurudumu lake.

MwanaMaweni
Nilikuwa natazama gurudumu ndio. Nitazame nini, linateleza!

Msomi_wa_Ngomeni
Na mzigo je? Mbona hakuna aliyetaja mzigo. Dafu moja na maganda yake si chini ya kilo moja na nusu, karia ikijaa ni madafu thelathini, hiyo ni kilo arobaini na tano juu ya gurudumu la nyuma. Uzito unakandamiza tairi chini. Lori tupu linateleza matope ya Marafa, lenye mzigo linapita.

KaskaziBaridi
Na likishaanza kuteleza hilo lenye mzigo lasimama wapi? Uzito unashika lakini pia unasukuma. Na uzito ukiwa nyuma wote, mbele kunakuwa kwepesi, usukani unacheza. Kupanda kilima sawa mzigo unasaidia, kushuka ngazi za mawe na kilo arobaini mgongoni mimi sitaki.

Msomi_wa_Ngomeni
Mzee alitaka. Na alipita.

Mzaliwa_Marafa
Mmetaja Marafa nikaamka. Kwetu Nyari ndio pa kujaribu hizo baiskeli zenu, ule udongo wa makorongo ukikauka ni kama saruji, ukilowa unapanda kwenye tairi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka kabisa, si kuteleza tena, ni kugandwa. Wazee husema pale palikuwa na tajiri na jamaa zake wakioga maziwa na watu wana njaa, Mungu akapadidimiza. Mimi nadhani mmoja wao alikuwa ananunua baiskeli za bei.

MwanaMaweni
Naona uzi umegeuka wa kunisema mimi.

MwalimuMstaafu
Vumilia. Wanafunzi wangu walinitania zaidi.

Timboni_Finest
Habari zenu. Nimetumiwa huu uzi na binamu yangu nimekaa nacheka peke yangu kama chizi. Huyo mzee ni babu yangu. Kofia ya kiua, blekimamba, madafu, ni yeye. Nimemuuliza jana usiku kuhusu mashindano akaniuliza mashindano gani? Yeye hakuwa anashindana jamani!! Alikuwa anapeleka madafu Timboni kama kila Jumamosi, akaona vijana wengi wamevaa nguo za kubana njiani akadhani ni wazungu wa utalii.

PundaWaShela
NIMEKUFA

KaskaziBaridi
Ya Rabbi. Yaani kijana ameshindwa na mtu ambaye hata hakuwemo.

FundiSpoku
@Timboni_Finest tusaidie bwana, babu anatia upepo ngapi?

Timboni_Finest
Pampu yake iliharibika Ramadhani, tangu hapo anatia kwa jirani akikumbuka. La nyuma nimelibonyeza asubuhi hii linabonyea kwa dole.

FundiSpoku
NILISEMA MIMI. Nilisema posti ya kwanza!!

KaskaziBaridi
Tulia fundi. Breki je?

Timboni_Finest
Breki ya mbele haipo, ilikatika zamani. Ya nyuma anasema ni ya kutishia.

KaskaziBaridi
Hehehe. Haya fundi, upepo au breki?

Mkimbiaji_Kakuyuni
Muulize kama pale kwenye ngazi alipita ameketi au alishuka.

Timboni_Finest
Nimemuuliza hilo pia. Anasema pale hapiti kwenye majiwe, kuna kijia pembeni kushoto nyuma ya mwembe, cha mbuzi, upana wa gurudumu moja, anakitumia tangu ujana wake. Anashangaa nyinyi kwanini mliletwa juu ya mawe.

MwanaMaweni
Hapana. Hapana hapana. Mimi nilimwona kwa macho yangu akipita JUU ya mawe, nilikuwa nimekaa palepale.

BintiGanda
Ulikuwa umegonga na kichwa? Uliangalia kama unaona vitu viwili viwili?

MwanaMaweni
Sikugonga kichwa dada. Helmeti yangu haina hata mkwaruzo. Alipita juu ya mawe, ya pili na ya tatu, nilisikia madafu yanagongana.

Mkuu_wa_Amboni
Narudia swali langu la miguu.

Timboni_Finest
Mzee kasema hakupita juu. Na kasema kweli alimwambia mtu pole, lakini huyo mtu alikuwa amekaa upande wa kulia anatazama kule.

MwalimuMstaafu
Kijia cha nyuma ya mwembe kitakuwa kwenye udongo wa majani, hakina utando wa kijani. Inaingia akilini. Lakini na madafu kugongana kunaingia akilini pia, kwenye udongo laini yasingegongana hivyo.

Mshabiki_wa_Gia
Kuna njia moja tu, mtu aende. Alama za tairi kwenye matope zitakuwepo kama mvua haijazifuta.

FundiSpoku
Mvua imenyesha jana na juzi. Lakini naenda, na kipimo cha upepo naenda nacho. Tutajaribu 55, tutajaribu 28, palepale, mtu mmoja baiskeli moja.

KaskaziBaridi
Na mimi naja na blekimamba ya baba yangu, breki nitazifungua zote.

Msomi_wa_Ngomeni
Madafu nani ananunua?

Mkimbiaji_Kakuyuni
Jumapili saa moja asubuhi, tukutane Gede stendi. @MwanaMaweni mkono utakuwa umepona?

MwanaMaweni
Nimerudi zahanati sasa hivi, nimechomwa sindano, wameosha kahawa yote. Wamesema wiki mbili nisiendeshe. Ntakuja kwa matatu nikae pale pale nilipokuwa nimekaa.

Timboni_Finest
Babu anasema Jumapili hapiti, huwa anapita Jumamosi. Na anauliza kama kuna mwenye pampu ya kuuza.